Sisimizi wa Ardhi Oevu za Milimani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ardhi oevu ya milimani ni ipi, na kwa nini kuwachunguza sisimizi wake?

Ardhi oevu ya milimani ni mahali popote pa mwinuko ambapo maji hukaa juu ya udongo, au karibu mno na uso wake, kwa sehemu kubwa ya mwaka. Humo mna vinamasi, malisho ya majimaji, chemchemi zinazotoka mteremkoni, kingo za vijito na za maziwa madogo, pamoja na maeneo ambamo mabaki ya mimea hayaozi upesi kwa kukosa hewa, yakarundikana mwaka baada ya mwaka hadi yakafanya tabaka nene la mboji. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971, unayahesabu maeneo hayo yote kuwa ardhi oevu.

Sisimizi, ambao spishi zao zilizokwisha kuelezwa na wanasayansi zinapita 14,000, wengi wao ni viumbe wa joto na ukavu. Mayai, mabuu na mabundo yao (bundo ni hatua iliyo kati ya buu na mdudu kamili) hayawezi kukua ipasavyo bila joto la kutosha, na chumba cha kiota kilichojaa maji hakifai kwa malezi. Kinamasi cha mlimani kinawanyima yote mawili kwa pamoja, na hapo ndipo somo hili linapopata utamu wake: anayetaka kujua sisimizi wamesambaa vipi katika makazi haya hana budi kuuliza ni wapi, ndani ya eneo lenye maji na baridi, koloni linaweza kupata shubiri moja au mbili za ukavu na saa chache za jua.

Ndani ya kinamasi kimoja, sisimizi wanapatikana wapi hasa?

Kinamasi kinachoonekana tambarare kwa mbali si tambarare hata kidogo ukikikaribia. Uso wake una vinundu vilivyoinuka na vibonde vilivyojaa maji, na tofauti ya kimo kati ya kilele cha kinundu na kibonde kilicho kando yake mara nyingi haizidi nusu mita. Katika vinamasi vya maeneo ya baridi, vinundu hivyo hujengwa na sfagnamu, mimea midogo laini isiyo na mizizi wala maua, inayoweza kubeba maji yenye uzito mara kadhaa kuliko uzito wake yenyewe ikiwa mikavu. Sehemu ya chini ya kinundu imelowa daima, lakini ncha za juu hukauka siku za jua, na zikishakauka huwa na hewa nyingi ndani yake, hivyo hupata joto upesi. Siku ya jua kali uso wa kinundu unaweza kuwa na joto linalozidi la hewa iliyo juu yake kwa nyuzi 10 au zaidi, ilhali maji ya kibondeni yangali baridi.

Karibu viota vyote vimo katika tabaka hilo jembamba la juu. Ukifungua kwa uangalifu kilele cha kinundu kinachokaliwa na *Myrmica scabrinodis*, sisimizi mwekundu wa hudhurungi mwenye urefu wa milimita nne hadi tano, utakuta vyumba vidogo vilivyozungushiwa vipande vya mimea vilivyotafunwa, na ndani yake mabundo meupe yamepangwa upande unaopigwa na jua. Sentimita chache chini ya hapo mkono unagusa unyevu, na koloni limeishia hapo. Siku ya mawingu mabundo hayo hayo huteremshwa kidogo, na kama maji yanapanda baada ya mvua, hupandishwa tena. Nyumba yote huishi kwa kuhama ndani ya kina kisichofika urefu wa kiganja.

Pasipo vinundu vya sfagnamu, kazi hiyo hufanywa na vishungi vya nyasi na ndago, ambavyo mashina yake makavu ya miaka iliyopita hutengeneza ghorofa juu ya maji. Mbao zilizolala, visiki na hata vijiti vilivyokufa hutumika vilevile. Vibondeni hakuna viota, ila wafanyakazi wachache wanaopita wakitafuta chakula wakati maji yamepungua.

Je, aina zote za ardhi oevu zina sisimizi wale wale?

Hapana, na kosa la kawaida ni kuzihesabu ardhi oevu zote za mlima mmoja kuwa makazi ya namna moja. Mifano ya milima ya Ulaya, ambayo imechunguzwa kwa muda mrefu, inaonyesha tofauti hizo waziwazi.

Katika vinamasi vya wazi vyenye sfagnamu na maji yenye asidi hukaa *Formica picea*, sisimizi mweusi anayeng'aa, ambaye katika Ulaya ya kati na ya magharibi hufungamana zaidi na vinamasi. Hujenga vichuguu vidogo kwa vipande vikavu vya sfagnamu na nyasi, na ni mwoga: ukimsogelea hukimbilia ndani badala ya kupigana. Nchini Uingereza amebaki katika maeneo machache tu, yakiwemo New Forest na baadhi ya vinamasi vya kusini mwa Wales. *Myrmica scabrinodis* hupatikana naye mara nyingi, ingawa yeye hachagui sana na huishi pia katika malisho makavu zaidi.

Kwenye malisho ya majimaji yenye nyasi ndefu utamkuta zaidi *Myrmica rubra*, na palipo na kivuli, au ukingoni ambapo kinamasi kinakutana na msitu, nafasi yake huchukuliwa na *Myrmica ruginodis*. *Lasius platythorax* hupenda mbao zilizooza na vinundu vyenye unyevu. *Leptothorax acervorum*, ambaye koloni lake zima lenye wafanyakazi mia chache linaweza kuenea ndani ya kijiti kimoja, huingia katika kinamasi chochote kilicho na mti mkavu. Kwenye kingo za vijito vya milimani, penye changarawe na mchanga, mambo hubadilika kabisa: hapo ndipo makao ya *Manica rubida*, sisimizi mkubwa wa rangi nyekundu ambaye huwezi kumkuta katikati ya kinamasi kilicho mita mia moja tu kutoka hapo.

Mwinuko wa mlima una nafasi gani, basi?

Una nafasi kubwa, lakini haufanyi kazi peke yake. Kwa wastani joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, na kila nyuzi inayopotea inafupisha msimu ambao koloni linaweza kulea kizazi kipya. Ndiyo maana katika milima mingi idadi ya spishi hupungua kadiri unavyopanda. Katika milima mingine idadi hiyo huongezeka kwanza hadi katikati ya mteremko na ndipo ishuke, hasa pale ambapo nyanda za chini ni kavu kupita kiasi. Hakuna kanuni moja inayofaa milima yote, na ni vyema kumshuku mwandishi yeyote anayedai ipo.

Katika ardhi oevu athari ya mwinuko huzidishwa na maji. Maji hupata joto polepole, na yanapogeuka mvuke huchukua joto la uso wa ardhi; hewa baridi nayo huteremka usiku na kutuama mabondeni, mahali hasa ambapo vinamasi vingi vimelala. Kwa hiyo kinamasi kilicho kwenye mita 1,200 kinaweza kuwa na sisimizi wanaofanana zaidi na wale wa malisho makavu yaliyo juu zaidi kuliko na wale wa mteremko unaokizunguka. Spishi za baridi hupata humo kimbilio chini ya mpaka wao wa kawaida, na spishi za joto husimama ukingoni. Kwa maoni yangu, anayerekodi mwinuko wa eneo bila kurekodi kina cha maji na kiasi cha kivuli amerekodi nusu ya habari.

Kwa nini milima yenye unyevu ya tropiki ina sisimizi wachache sana huko juu?

Katika misitu yenye unyevu ya tropiki, kuanzia takriban mita 2,300 kwenda juu sisimizi huwa wachache mno, ijapokuwa hakuna majira ya baridi ya kuwaua. Maelezo yanayokubalika zaidi yanarudi kwenye malezi. Katika nchi zenye majira manne, mlima una baridi kali wakati wa kipupwe, lakini kiangazi chake kina siku ndefu za jua zinazopasha joto ardhi na vinundu, na koloni hulea kizazi chake katika miezi hiyo. Kwenye mlima wa tropiki uliofunikwa na mawingu, udongo hauwi baridi kupita kiasi wala haupati joto la kutosha mwezi wowote wa mwaka, na mabuu hubaki katika ubaridi ule ule siku zote.

Hoja hii inatiwa nguvu na jambo moja: milima mikavu yenye jua, hata ikiwa mirefu sana, kama sehemu za Himalaya, huwa na sisimizi juu zaidi ya mpaka huo. Kinachowazuia si urefu wa mlima pekee, bali muungano wa ubaridi, unyevu na ukosefu wa jua, na vinamasi vya tropiki vya nyanda za juu vina yote matatu.

Ni kweli kwamba vinamasi vina spishi chache kuliko msitu wa jirani?

Kwa kawaida ni kweli. Nicholas Gotelli na Aaron Ellison walilinganisha vinamasi 22 vya eneo la New England, Marekani, na misitu inayovizunguka, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2002 vinamasi vilikuwa na spishi chache kuliko misitu, huku idadi ikipungua kwa kuelekea kaskazini katika makazi yote mawili. Si vyote kati ya vinamasi hivyo ni vya milima mirefu, lakini mpangilio huo unaonekana pia kwingineko.

Hata hivyo, idadi peke yake inapotosha. Kuna njia mbili ambazo kinamasi kinaweza kutofautiana na msitu. Ya kwanza ni kupunguza: spishi zote za kinamasi zipo msituni, ila baadhi za msituni zimeshindwa kuingia kinamasini. Ya pili ni kubadilisha: kinamasi kina spishi zake ambazo msitu hauna. Maeneo mawili yenye spishi sita kila moja yanaweza kuwa na thamani tofauti kabisa kwa mhifadhi, kwa kuwa la kwanza likipotea hakuna kilichopotea katika mlima, na la pili likipotea *Formica picea* au spishi nyingine ya aina yake imeondoka nalo. Vinamasi vidogo vilivyoharibika mara nyingi huonyesha hali ya kwanza. Vile vikubwa, vya zamani na vya wazi huelekea hali ya pili.

Mafuriko yanapokuja, koloni hufanya nini?

Inategemea mahali. Katika kinamasi maji hupanda polepole, kwa hiyo koloni hupanda nayo ndani ya kinundu au kishungi, na wafanyakazi waliozama huweza kuzimia kwa saa nyingi kisha wakazinduka maji yakishuka. Kwenye mabonde ya mito ya Alps hali ni ya ghafla zaidi. *Formica selysi*, anayeishi kwenye kingo zinazofurika kila mara, hushikana na wenzake na kufanya chelezo kinachoelea, malkia akiwa katikati na mabuu na mabundo yakiwa chini, kwa sababu yanaelea vizuri. La kushangaza ni kwamba watoto hao hawafi kwa kuwekwa majini.

Na majira ya baridi wanavumiliaje?

Huacha kula, hukusanyika, na miili yao hutengeneza vitu kama gliseroli vinavyozuia maji ya mwilini yasigande upesi. *Leptothorax acervorum* ni hodari sana katika hili na ni miongoni mwa sisimizi wanaofika kaskazini kabisa. Theluji nene husaidia, kwani huzuia ubaridi mkali usifike ardhini. Kinamasi kilichopeperushwa theluji na upepo ni hatari zaidi kwao kuliko kilichofunikwa.

Wanakula nini mahali pasipo na maua mengi?

Sukari yao kubwa hutoka kwa vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa nyasi, ndago na vichaka na kutoa majimaji matamu ambayo sisimizi huyalamba. Wengine hufuga vidukari wa mizizini. *Lasius flavus*, sisimizi wa njano anayejenga vichuguu vya udongo katika malisho, hategemei sana kitu kingine. Protini hutoka kwa buibui wadogo, mabuu ya nzi na wadudu waliozama.

Kinamasi nacho huwala. Katika vinamasi vya Amerika ya Kaskazini kuna mmea uitwao *Sarracenia purpurea*, wenye majani yaliyojikunja na kushika maji ya mvua, na sisimizi ni sehemu kubwa ya wadudu wanaotumbukia humo na kuulisha.

Vipepeo vinahusianaje na sisimizi hawa?

Vipepeo wa jenasi *Phengaris* hutaga mayai juu ya mimea maalumu ya malisho ya majimaji na vinamasi. *Phengaris alcon*, kwa mfano, hutumia *Gentiana pneumonanthe*. Kiwavi hula mmea kwa wiki chache, kisha hujiangusha chini na kungoja. Mfanyakazi wa *Myrmica* akimkuta, hudanganywa na harufu iliyo kwenye ngozi yake, akamdhani ni buu la nyumbani na kumbeba hadi kiotani, ambako kiwavi hulelewa kwa gharama ya watoto wa koloni.

Jambo hili linaonyesha jinsi usambaaji wa sisimizi unavyoweza kuamua uhai wa mnyama mwingine. Mmea unaweza kuwepo kwa wingi, na kipepeo asiwepo, kwa kuwa nyasi zimeachwa zikarefuka, kivuli kimezidi, na spishi ya *Myrmica* inayofaa imehama au imeachia nafasi nyingine isiyofaa. Umoja wa Ulaya unawalinda kisheria *Phengaris teleius* na *Phengaris nausithous*, na ulinzi huo hauna maana pasipo kuwalinda sisimizi wanaowalea chini ya ardhi.

Vichuguu vina athari gani kwa ardhi oevu yenyewe?

Udongo wa kichuguu ni mwepesi, mkavu na wenye hewa nyingi kuliko ule unaouzunguka, na mimea isiyovumilia maji hupata pa kuota juu yake. Mboji inayopata hewa huoza haraka zaidi, hivyo kichuguu hutoa hewa ya kaboni dioksidi kwa kiwango kikubwa kuliko eneo lile lile la kinamasi lisilo na kichuguu. Athari hiyo ni ya madoa madogo, wala si sababu ya kuwaona sisimizi kuwa waharibifu wa vinamasi.

Mtu anawachunguzaje kwa njia inayoaminika?

Njia iliyozoeleka kwa sisimizi wa ardhini ni mtego wa shimo, yaani kikombe kilichozikwa hadi ukingo wake uwe sawa na ardhi, kikiwa na kimiminika cha kuhifadhia ndani. Katika msitu, utaratibu unaotumiwa sana ni kupanga mitego 20 na sampuli 20 za takataka za majani kila baada ya mita 10 kwenye mstari mmoja wa mita 200, na mitego kuachwa kwa saa 48. Katika kinamasi utaratibu huo unakwama mapema. Kikombe huelea na kung'oka, mvua moja hukijaza, na takataka za majani za kuchekecha hazipo.

Afadhali mitego iwekwe juu ya vinundu tu, ifunikwe kwa kipaa kidogo, na iambatane na utafutaji wa mikono kwa muda uliopangwa sawa kwa kila eneo: kufungua vinundu, kuvunja vijiti, kuchungulia vishungi, kisha kurudisha kila kitu kilipokuwa. Chambo cha sukari na cha samaki husaidia, ila huvuta spishi shupavu na kuwaacha waoga kama *Formica picea*. Kwa kila kiota hupimwa kimo chake juu ya maji, joto la ndani, kivuli na aina ya mimea.

Hesabu ifanywe kwa viota au kwa mitego iliyomkuta sisimizi, si kwa idadi ya sisimizi waliokamatwa. Koloni moja lililo karibu na kikombe linaweza kumwaga wafanyakazi mia tatu ndani yake, na mtafiti asiye mwangalifu akaandika kuwa spishi hiyo imetawala kinamasi kizima.

Kinamasi kikikauka, nini hutangulia kubadilika?

Mitaro ya kuondoa maji, uchimbaji wa mboji na ukame wa muda mrefu vyote huelekea matokeo yale yale, ingawa kwa kasi tofauti. Mwanzoni idadi ya spishi huongezeka, kwa sababu sisimizi wa kawaida wa msituni na wa malishoni hupata mahali pa kuingia. Ripoti nyingi husimama hapo na kutoa sura nzuri isiyostahili. Baadaye vichaka na miti huota, kivuli hufunika vinundu, sfagnamu hufa, na spishi zilizotegemea uwazi na unyevu hukosa joto na kisha hukosa makao. Vinamasi vya milimani vimetengana kama visiwa, na malkia wa spishi za vinamasi ana safari ndefu ya kuvuka msitu kabla ya kufika kinamasi kingine, kwa hiyo eneo lililokwisha kupoteza koloni zake linaweza kubaki tupu hata baada ya maji kurudishwa.

Je, wanauma?

*Myrmica* na *Manica* wana mwiba wa sumu, na ule wa *Manica rubida* unaumiza kweli. *Formica* hawana mwiba. Hung'ata na kurusha asidi.

Spishi zinazofanana hutenganishwaje?

Kwa darubini, na kwa sampuli zilizohifadhiwa katika alkoholi zikiwa na lebo ya mahali, tarehe, mwinuko na aina ya kiota. Kwa *Myrmica* huangaliwa sehemu ya kwanza ya kipapasio karibu na kichwa: kwa *M. scabrinodis* imepinda kwa pembe kali, kwa *M. rubra* na *M. ruginodis* imepinda kwa ulaini, na hawa wawili hutenganishwa zaidi kwa miiba miwili iliyo kabla ya kiuno, ambayo kwa *M. ruginodis* ni mirefu zaidi. *Lasius platythorax* alitenganishwa rasmi na *Lasius niger* na Bernhard Seifert mwaka 1991 tu, kwa hiyo orodha za kale zinazomtaja *L. niger* katikati ya kinamasi zichukuliwe kwa tahadhari mpaka sampuli zenyewe zipatikane na kuangaliwa upya, kwani *L. niger* wa kweli ni mwenyeji wa maeneo makavu na ya wazi, na vinyweleo vilivyo usoni mwake, juu tu ya taya, vimesongamana zaidi kuliko vya mwenzake.